Speedway: nimeongeza meno 2 nyuma, sasa start inanyanyua mbele mpaka dogo anafunga mafuta. Msaada wakuu

Ilemela_Poland

Wakuu habari zenu. Niko Poland mwaka wa 4 sasa, nilikuja kusoma nikabaki kwa ajili ya kazi, na tangu mwaka jana wikiendi naenda kusaidia pit, pale pikipiki zinapoandaliwa, kwenye klabu moja ndogo ya speedway, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo, wenyewe huku wanaiita żużel na wanaipenda kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga. Namsaidia dogo mmoja ana miaka 17, baba yake ndo alikua fundi wake lakini anafanya kazi nje ya mji kwaiyo siku nyingi nabaki mimi na dogo na sanduku la spana.

Shida yenyewe ni hii. Mazoezini kwetu tunatumia sproketi ya nyuma meno 57 na dogo anatoka vizuri tu. Jumapili iliyopita tulikua ugenini, mvua ilinyesha asubuhi, mbio zikawa jioni, udongo mzito unashika kwelikweli. Nikafikiria kwakua njia nzito basi injini itahitaji nguvu zaidi, nikafunga 59. Mbio ya kwanza utepe wa kuanzia unapanda tu gurudumu la mbele likaenda juu, dogo akafunga mafuta, wenzake 3 wakaondoka, akamaliza wa mwisho. Mbio ya pili hivyo hivyo. Hapo nikaanza kuchanganyikiwa, kuna mtu akapita akasema punguza jeti, kile kitundu cha mafuta kwenye kabureta, nikapunguza, mwingine akasema rudisha taimingi ya cheche nyuma kidogo, nikarudisha, alafu nikabadilisha na springi za klachi, vyote hivyo ndani ya dakika chache. Mbio ya tatu pikipiki haikunyanyua ila ilikua inakohoa, inapiga chafya kwenye kabureta, imekufa nguvu kabisa. Pointi 0 mbio zote tatu. Dogo alikaa kwenye ndoo hajavua helmeti, hakusema neno lolote, na mimi sikua na cha kumwambia maana sikujua kipi kilichoharibu na kipi kilichosaidia.

Jumapili ijayo tupo nyumbani. Nianzie wapi?

Fundi_Uyole

Mkuu pole sana. Mi sijawahi kuiona hiyo pikipiki kwa macho, niko Mbeya natengeneza boda, lakini hii habari imenigusa. Kwanza naomba unielezee kidogo, maana nilisikia hazina breki, ni kweli au watu wanaongeza chumvi? Na gia anabadilishaje kwenye kona?

Ilemela_Poland

Kweli kabisa mkuu, breki hamna hata moja, sheria yenyewe inakataza. Na gia ni moja tu, habadilishi chochote akishatoka. Injini ni silinda 1 ya cc 500, four stroke, inakula methanoli, pikipiki nzima uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77. Wanakimbia watu 4, raundi 4, wanazunguka kinyume na saa kwaiyo kona zote ni za kushoto, na mbio inaisha kama dakika 1 tu. Wa kwanza anapata 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho sifuri. Kupunguza mwendo wanatumia kuserereka, wanaitupa nyuma nje alafu mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuza chini. Shokapu za nyuma hamna, mbele ndo kuna kidogo, zetu zina mipira badala ya springi.

Kwasababu gia ni moja basi kila kitu unakiamua pale pit kabla hajatoka. Ukikosea sproketi hana pa kukimbilia.

Fundi_Uyole

Asante nimeelewa. Sasa ngoja nikuulize swali moja, ulivyofunga 59 uliongeza urefu wa cheni au ulitumia cheni ile ile?

Ilemela_Poland

Cheni ile ile. Tulilegeza ekseli tukaisogeza mbele, ikaingia vizuri tu, tukakaza.

Fundi_Uyole

Basi hapo ndo penyewe mkuu. Hukubadilisha kitu kimoja pale, ulibadilisha viwili.

Angalia, cheni inazunguka karibu nusu ya sproketi, nusu nyingine iko wazi. Ukiongeza meno 2 nyuma ni kama umeongeza pingili 1 hivi ya kuzunguka. Hiyo pingili lazima itoke mahali, na cheni ina upande wa juu na upande wa chini, kwaiyo kila upande unatoa nusu pingili. Maana yake ekseli inakuja mbele nusu pingili. Boda zetu nyingi cheni ni saizi ya 428, pingili milimita 12.7. Yako pima, kama ni 520 basi pingili ni karibu milimita 15.9, kwaiyo gurudumu lako la nyuma limekuja mbele kama milimita 8.

Huku kwetu watu wa milimani wakiongeza meno ya nyuma ili boda ipande na mzigo wa viazi, asubuhi wanakuja wanalalamika kwamba ikipanda inataka kusimama na mguu mmoja. Meno yanaongeza nguvu kwenye gurudumu, hapo hapo gurudumu limesogea chini ya uzito, vyote viwili vinanyanyua mbele. Na hiyo ni boda yenye nguvu ndogo tena ina magunia. Sasa ya kwako hiyo yenye kilo 77 na injini ya cc 500 naogopa hata kufikiria.

Ilemela_Poland

Nimetoka kupima sasa hivi gereji, ni 520. Alafu nikaangalia fremu, kuna alama ya zamani ya washa, kile kipete cha chuma cha ekseli, imekwaruza rangi, na washa ilipo sasa iko mbele ya ile alama. Nimeweka rula, milimita 8 na kidogo. Aisee nimekaa chini. Kwa wiki nzima nawaza klachi na jeti kumbe jibu lilikua limeandikwa kwenye rangi ya fremu.

Bi_Spana

Mwanangu wa Ilemela, na wewe kaka wa Uyole mkono nakupa, umesema maneno ambayo watu wanakaa pit miaka 3 hawajayajua.

Mimi ni wa Mombasa, niko Uingereza, mume wangu alikuwa akikimbia ligi za chini na mimi nimemfanyia pikipiki zake miaka 9, kwa hivyo haya nayasema kwa mikono yangu. Hili la gurudumu la nyuma watu hulifanya makusudi. Njia ikiwa inateleza, mtu analeta gurudumu mbele milimita chache ili uzito ukae juu ya tairi lipate kushika. Njia ikiwa inashika analirudisha nyuma ili mbele itulie. Wewe siku njia inashika kuliko siku zote ulilileta mbele, na ukaongeza meno juu yake. Meno 2 juu ya 57 ni nguvu kama asilimia 3.5 zaidi kwenye gurudumu, si kidogo hiyo.

La kufanya, uwe na cheni 2 au 3 za urefu tofauti zimening'inia, kila moja umeiandika ni ya sproketi gani. Ukifunga meno 2 zaidi, weka cheni yenye pingili 1 ya ziada na ekseli yako inabaki karibu pale pale ilipokuwa. Hapo ndipo utajua kama ni meno yaliyosaidia au la. Mimi nilikuwa nakwaruza mstari kwenye fremu kwa msumari kila pande, kulia na kushoto, kwa sababu gurudumu likikaa upande kidogo tu pikipiki inakataa kwenda sawa na dereva anadhani ni mikono yake.

Na hilo la kubadilisha vitu 3 baina ya mbio mbili, hapana mwanangu. Hapana kabisa. Nakusihi. Badilisha kimoja, mtazame anavyotoka, andika.

Msee_wa_Kariobangi

Swali kando kidogo, hiyo methanol mnaweka kwa tank si ndio ile ile inamaliza watu huku wakichanganyiwa kwa chang'aa?

Bi_Spana

Ndiyo hiyo hiyo ndugu yangu. Kiasi kidogo tu kinapofusha, na kikizidi kinaua. Kwa hivyo Ilemela, kama kuna kijana anayenyonya bomba kwa mdomo ili kutoa mafuta kwenye tangi, mkataze leo. Glavu zivaliwe, na ndoo ya maji iwe karibu kwa sababu mchana moto wake huuoni, mtu anaweza akawa anaungua na wewe hujui anaruka nini. Maji yanachanganyika nayo vizuri na kuuzima.

Mzee_wa_Malmö

Vijana hamjambo. Mimi nilikuwa na gereji Tanga kabla ya kuja Sweden, sasa nimestaafu, na huku speedway ni mchezo wa watu wa kawaida, unakaa na kahawa yako kwenye baridi unatazama. Huyu Ove Fundin aliyechukua ubingwa wa dunia mara 5 ni wa huku, na Tony Rickardsson mara 6. Nimekuwa nikisaidia klabu ya vijana miaka mingi.

Nakubaliana na fundi na Bi Spana kuhusu cheni. Lakini nataka niongelee kile kikohozi cha mbio ya tatu maana pale kuna hatari ya kuua injini, na injini moja ya hizi ni pesa nyingi sana kwa kijana wa miaka 17.

Methanoli si petroli. Petroli kilo 1 inataka hewa kilo 14.7 iungue sawasawa. Methanoli kilo 1 inataka hewa kilo 6.4 tu. Kwa hiyo kwa hewa ile ile inabidi umwage mafuta zaidi ya mara mbili, ndiyo maana jeti za hizi pikipiki zina tundu kubwa namna ile. Sasa jioni ikiingia hewa inapoa, inakuwa nzito, silinda inavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo inataka mafuta MENGI zaidi. Wewe ukapunguza jeti jioni. Ikapiga chafya kwenye kabureta, hiyo ni lugha ya injini yenye njaa. Ukiendelea hivyo mbio mbili tatu pistoni inatoboka. Na usitegemee sana kusoma rangi ya plagi kama tulivyozoea kwenye petroli, methanoli inaacha plagi karibu safi, rangi haikwambii kitu mpaka umechelewa. Sikiliza mlio, na umuulize dereva inavyojibu anapofungua mafuta kutoka kwenye kona.

Halafu taimingi. Kuchelewesha cheche kunapunguza nguvu, ndiyo, watu wanafanya hivyo njia ikiwa inateleza ili tairi lisizunguke bure. Siku ile njia ilikuwa inashika. Kwa hiyo injini ilikuwa na njaa na imefungwa miguu pia.

Kitu kimoja nitampinga Bi Spana, kwa heshima. Hakumwambia kijana arudi 57. Mimi ningesema siku ile hakuhitaji kugusa sproketi kabisa. Udongo mzito unashika mwanzoni, lakini ukitazama mbio 4 za kwanza unakuta mstari wa ndani umeshafagiliwa, udongo wote umesukumwa nje karibu na uzio, na trekta likipita kusawazisha unaanza upya. Ukifunga kwa ajili ya njia ya mbio ya 1, mbio ya 9 umeshapotea.

Bi_Spana

Mzee shikamoo. Nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Kijana huyu ana kilo ngapi? Kijana mwepesi kwenye udongo mzito anaweza kuhitaji hata jino 1, kwa sababu katikati ya kona injini inazama resi, yaani mizunguko yake inashuka, na haiamki tena mpaka katikati ya msitari ulionyooka. Nimeliona hilo kwa macho yangu mvua ikinyesha. Mimi ningefunga 58 na cheni ndefu, gurudumu nyuma.

Mzee_wa_Malmö

Marahaba mama. 58 naikubali. 59 hapana.

Ilemela_Poland

Shikamoo mzee. Dogo ana kilo 58, mwembamba sana. Na kuhusu tairi je? Tulianza na tairi jipya mbio ya kwanza, tukaendelea nalo mpaka ya tatu bila kuligusa.

Mzee_wa_Malmö

Marahaba mwanangu. Tairi ni somo la peke yake. Pikipiki inalalia kushoto muda wote kwa hiyo vitufe vya tairi vinakatwa upande mmoja tu, vile vyenye kona kali vinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo, kama unakata ngozi kidogo bado lina kazi, kama linateleza basi ligeuze upande wa pili ambao haujafanya kazi. Klabu ndogo wote wanafanya hivyo kwa sababu tairi ni ghali. Lakini siku ile kwenye udongo mzito tairi jipya limekuongezea tatizo, mshiko mwingi na mbele inanyanyuka. Ungeweza kuanza na lililotumika mbio 1 ukaweka jipya mwishoni njia ilipokuwa imekauka.

Na klachi. Ulibadilisha springi, sawa, lakini umeangalia sahani zilivyo? Zikipata moto zinavimba, dereva amebana klachi kabisa lakini pikipiki inatambaa kuelekea kwenye utepe. Akigusa utepe anatolewa au anarudishwa nyuma mita 15. Kijana akishaogopa utepe anaanza kuachia klachi kwa hofu, ghafla, na hiyo nayo inanyanyua mbele. Umuulize kama ilikuwa inatambaa.

Ilemela_Poland

Nimempigia simu. Amesema ndiyo, ilikua inatambaa mbio ya pili, hakutaka kuniambia kwasababu aliniona nimeinama nafanya kazi na uso umenibadilika. Imeniuma hiyo.

Bi_Spana

Basi hapo ndipo pa kuanzia mwanangu, kabla ya spana. Kijana akirudi kutoka kwenye mbio usiguse pikipiki kwanza. Mpe maji, muache avue helmeti, halafu muulize maswali yale yale kila mara. Ilitambaa? Mbele ilinyanyuka ulipoachia au baada ya mita 10? Katikati ya kona injini ililia au ilizama? Mwisho wa njia iliyonyooka resi zilikuwa zimeisha au zilikuwa zikipanda bado? Ikinyanyuka pale pale anapoachia, tazama klachi na mkono wake. Ikinyanyuka baadaye anapokwisha kushika, tazama meno na gurudumu. Resi zikiisha mapema, meno yamezidi. Mume wangu kwanza alikuwa akijibu "mbaya" tu. Ilichukua msimu mzima mpaka akajifunza kusema mbaya wapi.

Na umfundishe kufunga sproketi mwenyewe. Wako mabingwa ambao mafundi wao wanafanya kila kitu, lakini hata hao wanajua kitu gani kimebadilishwa chini yao na kwa nini. Ivan Mauger wa New Zealand, huyo aliyechukua dunia mara 6, alijulikana kwa jinsi alivyokuwa mkali kuhusu maandalizi ya pikipiki zake. Alipochukua mara 3 mfululizo 1968, 1969 na 1970, Wamarekani wawili waliokuwa wameahidi wakaichovya pikipiki yake kwenye dhahabu, na iko mpaka leo. Kijana wako akijua kwa nini tumeweka 58, akifika kwenye utepe atakaa mbele zaidi, kifua juu ya tangi, kwa sababu anajua nini kinakuja.

Fundi_Uyole

Mi nasoma tu hapa nimeacha kazi. Swali, hamna mtu anayeandika? Huku gereji nina daftari la mteja mmoja mmoja, boda gani, meno mangapi, cheni imekatwa lini.

Mzee_wa_Malmö

Wote wazuri wanaandika. Yangu ina kurasa za kila uwanja, kwa sababu viwanja havilingani, raundi moja kuna vya mita 260 na kuna vinavyokaribia 400, kona nyingine zimebanwa nyingine ni pana. Uwanja, tarehe, joto la hewa, mvua, meno, urefu wa cheni, mahali pa ekseli, jeti, taimingi, tairi la mbio ya ngapi, geti la ngapi (nafasi ya kuanzia kwenye utepe), na neno 1 alilosema dereva. Ukirudi uwanja ule mwaka unaofuata unafungua ukurasa.

Ilemela_Poland

Wakuu nimerudi. Samahani nimechelewa, mechi ilikua juzi.

Ijumaa tulikaa na dogo gereji mpaka saa 4 usiku. Tulifungua klachi, sahani 2 zilikua zimepinda, ukiziweka juu ya kioo unaona mwanga unapita chini. Tukabadilisha. Jeti na taimingi tukarudisha pale zilipokua mwanzo. Alifunga 57 mwenyewe kwa mkono wake, nikakwaruza mistari kwenye fremu kama Bi Spana alivyosema, na tukatengeneza cheni ya pili yenye pingili 1 zaidi, imening'inia kwenye msumari imeandikwa 59 kwa rangi nyeupe.

Siku ya mechi jua lilikua kali, njia imekauka. Mbio ya kwanza alitoka wa pili, hakunyanyua, akamaliza wa tatu. Pointi 1. Nilimpa maji, nikasubiri. Akasema mwenyewe bila kuulizwa, katikati ya kona ya pili tairi linazunguka bure, haishiki. Tukaleta gurudumu mbele milimita 8 bila kugusa meno, ila ikabidi tubadilishe cheni tukaweka nyingine fupi kwa pingili 1 kuliko ya mazoezini, maana ile ya kwanza ililegea sana. Mbio ya pili pointi 2. Tukageuza tairi. Mbio ya tatu alitoka geti la 1, akaongoza raundi 3 na nusu, akapitwa kwenye kona ya mwisho na kijana mkubwa wa wageni, lakini alirudi pit akiongea kabla hata hajazima injini. Anasema kwenye kona ya mwisho resi zilikua zimeisha, anataka mbio ijayo tupunguze jino 1.

Mzee, naomba kuuliza, nikitoa jino 1 nikabaki na cheni hii fupi ekseli inasogea mbele au nyuma, na itanirudishia kule kuzunguka bure?

Fundi_Uyole

Nyuma mkuu. Milimita 4 nyuma. Utakua umeirudisha nusu ya ile uliyoisogeza, kwaiyo kata cheni kabla hujatoa hilo jino.

Mzee_wa_Malmö

Fundi amejibu vizuri, ila kwa milimita 4 usikate cheni, pingili 1 itakusogeza milimita 8 na zitakuwa nyingi. Toa jino, acha gurudumu lirudi nyuma lenyewe, halafu tazama kama meno machache yenyewe yanatosha kuzuia lisizunguke bure. Mara nyingi yanatosha. Andika hata kama haikufanya kazi, na uniambie uwanja wenu una mita ngapi.